Sahani, miguu au vyuma: uanzie wapi kama sukari iko kwenye ukoo wenu?

Baba ana kisukari, shangazi anacho, kaka mkubwa ameshaanzishiwa dawa, na sasa wewe umepima ukaambiwa sukari yako iko mpakani. Hujaugua, ila hali hiyo si ya kupuuza. Kabla hujafika nyumbani ushauri umeshaanza kumiminika. Mmoja anasema acha ugali. Mwingine anasema kimbia kila alfajiri. Kijana wa jirani anakuita jimu ukanyanyue vyuma. Na mara nyingi yupo mzee anayekwambia usihangaike, hiyo ni damu ya kwenu, zamu yako itafika tu.

Maneno ya huyo mzee ndiyo yanayoniuma zaidi, kwa sababu yanawakatisha tamaa watu ambao bado wana nafasi kubwa ya kujiokoa. Hao wengine watatu kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Shida ni kwamba mtu mwenye kazi, watoto na kipato cha kawaida ni nadra kuweza kuanza yote matatu kwa mpigo. Inabidi achague pa kuanzia. Kwa hiyo hapa naziweka njia tatu kando kwa kando: kubadili chakula, kutembea au kukimbia, na mazoezi ya nguvu. Urithi sikuufanya njia ya nne, maana hakuna anayeuchagua, lakini chini ya kila njia nitauliza vinasaba vinaingilia vipi.

Kuhusu neno "mpakani": sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, hicho ni kisukari. Shirika la Afya Duniani linahesabu kati ya 6.1 na 6.9 kuwa eneo la hatari. Chama cha Kisukari cha Marekani kinaanza mapema zaidi, kwenye 5.6.

Damu ya kwenu ina uzito gani?

Makadirio yanayotumika sana ni haya: mzazi mmoja akiwa na kisukari cha aina ya pili, uwezekano wako wa kukipata maishani ni karibu asilimia 40; wazazi wote wawili wakiwa nacho, unakaribia asilimia 70. Hizo si namba ndogo. Mzee wa jirani hakuzua.

Ila ndani ya namba hizo kuna vitu viwili vilivyochanganyika, vinasaba na maisha ya nyumba moja. Watoto hurithi damu ya baba, na hurithi pia kijiko cha sukari cha baba, muda wake wa kukaa kitini, na ukubwa wa tonge lake. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu ni wa Wapima, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika. Watu hawa wenye nasaba ya karibu wanaishi pande mbili za mpaka wa Marekani na Meksiko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kisukari kwa asilimia 38 ya watu wazima wa Kipima wa Arizona, na kwa asilimia 6.9 tu ya wenzao wa kijiji cha milimani cha Maycoba, Meksiko, ambako watu bado walilima kwa mikono na kula vyakula vya shambani. Nasaba inakaribiana, maisha yanatofautiana, na tofauti ya ugonjwa ni zaidi ya mara tano.

Mwaka huohuo wa 2006 watafiti wa Iceland walitambua kinasaba cha TCF7L2, ambacho miongoni mwa vinasaba vya kawaida ndicho chenye uzito mkubwa kwenye kisukari cha aina ya pili. Washiriki wa utafiti mkubwa wa kinga ya kisukari nchini Marekani, ule unaojulikana kwa kifupi DPP, walipimwa kinasaba hicho. Waliobeba nakala mbili za hatari, moja kutoka kwa kila mzazi, na wakaachwa bila msaada waliugua zaidi ya wenzao. Lakini katika kundi lililobadili chakula na kuanza mazoezi, tofauti hiyo ilififia. Basi mwenye urithi mzito ndiye ana sababu kubwa zaidi ya kuanza leo.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo matano: inafanya nini kwa sukari ya damu, inafanya nini kwa misuli, inapunguza kitambi kiasi gani, vinasaba vinabadili nini, na inagharimu nini kwa fedha, muda na usalama. Mwishoni nitasema inamfaa nani.

Misuli imeingia kwenye vigezo kwa sababu inasahauliwa mno. Watu wanapozungumzia kisukari husema kongosho na insulini, basi. Lakini insulini, homoni inayoitoa sukari kwenye damu, inapofanya kazi yake, misuli ya mifupa ndiyo hupokea sehemu kubwa; katika vipimo vya maabara ambapo insulini hutiwa moja kwa moja kwenye mshipa, inachukua karibu asilimia 80 ya sukari hiyo. Misuli ndiyo ghala. Ghala likiwa dogo, au mlango wake ukiwa mgumu kufunguka, sukari inabaki barabarani, yaani kwenye damu. Ndiyo maana kuna watu wembamba kabisa, wasio na kitambi cha kuonekana, wanaougua kisukari, na hapa Afrika Mashariki si wachache.

Njia ya kwanza: kubadili sahani

*Sukari ya damu.* Kwa mtu aliyeongezeka uzito, hakuna njia ya haraka kuliko hii. Utafiti wa DiRECT uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2017 ulichukua watu waliokuwa tayari na kisukari, ukawaweka kwenye mlo wa kalori kama 850 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi wa kliniki. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari ya chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa yoyote. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Mlo huo haufai kujaribiwa nyumbani peke yako. Nautaja ili uone nguvu iliyomo. Kinachoondoka kwanza ni mafuta yaliyojificha kwenye ini na kongosho, na viungo hivyo vikipumua, insulini hurudi kufanya kazi.

Kwa sisi wa kawaida, mabadiliko yenye faida yanajulikana, na ugali hauhitaji kufukuzwa. Anza na vinywaji. Chupa ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa ikae chini ya gramu 25 hivi kwa siku nzima kwa faida zaidi. Ongeza vijiko vitatu kwenye kila kikombe cha chai, vikombe vitatu kwa siku, na hesabu imeshavuka bila kula chochote kitamu. Baada ya hapo angalia uwiano wa sahani: mboga za majani zichukue nusu, maharage, dagaa, samaki au mayai robo, ugali au wali robo. Dona ina ganda na kiini cha mahindi ambavyo sembe imeshavipoteza. Na ukianza kula mboga na samaki kabla ya wanga, sukari hupanda polepole zaidi baada ya mlo.

Kuna utafiti wa nyumbani unaostahili kutajwa. Mwaka 2025 watafiti waliofanya kazi Kilimanjaro walitoa matokeo ya vijana wa kiume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili, yaani ndizi, maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwenye chakula cha kizungu kwa wiki mbili tu. Dalili za uvimbe wa ndani kwenye damu zilipanda, na seli zao za kinga zikapungua makali. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili walionyesha mwelekeo wa kinyume. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Wiki mbili! Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini chungu chao kilikuwa kimepangwa vizuri.

*Misuli.* Hapa ndipo udhaifu wake. Ukipunguza uzito kwa chakula peke yake, takriban robo ya unachopoteza si mafuta, ni nyama ya mwili. Kijana anaweza kuirudisha. Mtu wa miaka 65 huirudisha kwa shida. Anayekata chakula asikate protini. Kiwango cha kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kwa wazee wataalamu wengi hushauri gramu 1.0 hadi 1.2. Mzee wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Dagaa wakavu ni hazina ambayo watu huidharau kwa kuwa ni ya bei nafuu.

*Kitambi.* Hakuna inayoishinda.

*Vinasaba.* Kinasaba cha FTO, ambacho uhusiano wake na unene ulitambuliwa mwaka 2007, huwafanya wenye nakala mbili za hatari wawe na wastani wa kilo 3 zaidi ya wasio nazo, hasa kwa kupitia hamu ya kula. Kilo 3 tu, si 30. Na tafiti zilizojumlisha watu zaidi ya 9,000 waliokuwa kwenye programu za kupunguza uzito zilionyesha kwamba wenye nakala hizo walipungua sawasawa na wengine. Ukihisi njaa kuliko mwenzako huenda ni kweli, lakini mizani itakusikiliza kama inavyomsikiliza yeye.

*Gharama na ugumu.* Fedha inaweza hata kupungua, maana soda na chipsi ni ghali kuliko mchicha. Ugumu ni wa kijamii. Anayepika siye kila mara mwenye sukari. Kwenye sinia la Pwani, ambapo mikono mitano inakutana, robo ya sahani yako iko wapi? Harusini na msibani kukataa chakula huonekana dharau. Njia hii hufaulu pale nyumba nzima inapobadilika, na kwa kuwa watoto wana damu ileile, ni haki yao pia.

*Inamfaa* mwenye kiuno kikubwa, anayekunywa sukari nyingi, na anayetembea au kulima kutwa tayari, kwa hiyo kumwongezea mazoezi hakumpi jipya.

Njia ya pili: kutembea na kukimbia

*Sukari ya damu.* Msuli unapojikunja, hufungua njia ya kupokea sukari hata bila kungoja insulini. Kwa mtu ambaye insulini yake imekuwa butu, huo ni mlango wa pili. Na baada ya zoezi moja mwili hubaki msikivu kwa insulini kwa saa 24 hadi 48. Ndiyo sababu ya ushauri wa kutopitisha zaidi ya siku mbili mfululizo bila kujisogeza: faida huisha, haiwekwi akiba.

Utafiti wa Da Qing, China, ndio uliolinganisha jambo hili waziwazi. Ulianza mwaka 1986 kwa watu 577 wenye sukari ya mpakani, wakagawanywa kwa kliniki zao katika makundi manne. Baada ya miaka sita, asilimia 67.7 ya wasiopewa programu walikuwa wamepata kisukari. Kundi la chakula lilikuwa asilimia 43.8, la mazoezi 41.1, la vyote viwili 46.0. Kwa maneno mengine, makundi yote matatu yalipata nafuu kubwa na hayakuachana sana. Watu hao walipofuatiliwa kwa miaka 30, waliokuwa kwenye programu walionekana kuchelewesha kisukari kwa karibu miaka minne na kufa wachache zaidi kwa magonjwa ya moyo. Ninapoulizwa "kipi bora, chakula au mazoezi?" huurejea Da Qing, kwa sababu unamruhusu mtu kuanza na lile analoweza kulishika.

Muda wa kutembea nao una maana. Dakika kumi au kumi na tano baada ya mlo mkubwa zinaikuta sukari ikiwa ndiyo inapanda. Anayeshuka kituo kimoja kabla ya kwake akirudi kazini hapati faida hiyo ya wakati, lakini dakika zake zinahesabika. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

*Misuli.* Moyo, mapafu na mishipa hufaidika sana. Wingi wa misuli huongezeka kidogo tu, na ni miguuni. Mikono na mgongo havipati kitu.

*Kitambi.* Hapa wengi huvunjika moyo. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadza karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, watu wanaotembea kilomita nyingi kila siku wakitafuta chakula. Ukizingatia ukubwa wa miili, jumla ya kalori walizotumia kwa siku haikuzidi ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili hujirekebisha. Wahadza ni wembamba na wana mioyo mizuri, lakini si kwa sababu wanaunguza kalori nyingi kupita kila mtu. Kwa hiyo ukitembea miezi mitatu na mizani ikakataa kusogea, usidhani umepoteza muda. Mafuta ya ndani ya tumbo yanaweza kupungua ilhali uzito uko palepale. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani: kizuri ni chini ya nusu ya urefu wako.

*Vinasaba.* Utafiti wa HERITAGE, chini ya Claude Bouchard, uliwafundisha watu wa familia mbalimbali programu ileile ya baiskeli kwa wiki 20. Kwa wastani uwezo wao wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa karibu mililita 400 kwa dakika, lakini wengine hawakuongeza karibu chochote na wengine waliongeza zaidi ya lita 1. Watu wa familia moja walifanana, na karibu nusu ya tofauti ilielezwa na urithi. Hilo linamhusu yule anayetembea kwa bidii sawa na mwenzake na bado anahema mlimani. Pumzi ni kipimo kimoja tu, na asiyepata pumzi anaweza kupata nafuu ya sukari au ya shinikizo la damu.

Na kwa kuwa swali hili halikosi kuulizwa kwetu: hapana, wakimbiaji wa Kenya hawana kinasaba kimoja cha ajabu. ACTN3, ambacho magazeti hukiita kinasaba cha kasi, kilichunguzwa kwa wanariadha wa Kenya na Ethiopia, na matokeo yakatolewa mwaka 2007. Wasio na protini ya kinasaba hicho ni karibu mtu mmoja kati ya watano katika jumla ya dunia, lakini Kenya ni asilimia 1 tu, na hakukuwa na tofauti ya maana kati ya wanariadha na wananchi wengine.

*Gharama na ugumu.* Haina kiingilio. Lakini kuna barabara zisizo na njia ya miguu, mbwa wa alfajiri, joto la Dar es Salaam na Mombasa, na mama asiyejisikia huru kukimbia mbele za watu. Magoti mabovu ni kikwazo cha kweli. Aliyeanza kufa ganzi nyayo avae viatu vilivyofunika na akague miguu kila jioni.

*Inamfaa* anayekaa ofisini au kwenye usukani kutwa, mwenye shinikizo la damu, na yule ambaye akiambiwa ahesabu chakula atachoka baada ya wiki.

Njia ya tatu: mazoezi ya nguvu

*Sukari ya damu.* Njia hii imedharauliwa kwa muda mrefu kana kwamba ni ya vijana wanaotaka kifua. Utafiti wa DARE wa Kanada, mwaka 2007, ulichukua watu 251 wenye kisukari. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, kilishuka kwa pointi 0.51 kwa waliofanya mazoezi ya pumzi, yaani ya mwendo kama yale ya njia ya pili, na 0.38 kwa walionyanyua uzito, ukilinganisha na wasiopewa mazoezi. Zinakaribiana. Waliofanya zote mbili walishuka pointi 0.46 zaidi ya hao wa pumzi pekee.

*Misuli.* Hii ni nyumba yake. Kuanzia miaka ya thelathini mtu hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli kwa kila miaka kumi, na kasi huongezeka baada ya 60. Hatuoni, kwa sababu mafuta hujaza nafasi na nguo hubaki ya saizi ileile. Habari njema ni kwamba misuli haichoki kujifunza. Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwafanyisha mazoezi ya uzito wazee kumi wa nyumba ya kulelea, umri wa wastani miaka 90. Baada ya wiki nane nguvu za miguu yao zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Nasema na kila mwenye mzazi mzee: tumezoea kuwaambia "pumzika, mama, kaa tu", na mapenzi hayo yanawanyang'anya miguu.

*Kitambi.* Peke yake hupunguza kidogo. Faida yake hutokea inapoambatana na sahani. Utafiti wa mwaka 2017 uliwapunguza uzito wazee wanene 160 wa Marekani kwa chakula. Waliofanya pia mazoezi ya pumzi walipoteza asilimia 5 ya nyama ya mwili, walionyanyua uzito walipoteza 2 tu, na waliofanya yote, 3. Hao wa yote ndio walioongoza kwa uwezo wa kutembea na kuinuka.

*Vinasaba.* Tofauti ni kubwa mno. Watu 585 walifunzwa kunyanyua uzito kwa mkono mmoja kwa wiki 12. Mabadiliko ya ukubwa wa msuli yalianzia kupungua asilimia 2 hadi kuongezeka asilimia 59. Ya nguvu, kutoka sifuri hadi asilimia 250. Si yote ni vinasaba, usingizi na chakula vimo. Ila usijilinganishe na picha za watu mitandaoni. Jilinganishe na idadi ya ngazi ulizopanda mwezi uliopita.

*Gharama na ugumu.* Ada ya jimu si lazima. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, la lita 10 ni kilo 10. Kukaa kitini na kuinuka bila kushika, pushapu ukutani kisha sakafuni, kuvuta dumu mpaka kifuani, kupanda ngazi: dakika 25, mara mbili kwa wiki, ndani ya ua wako ukiwa na kanga yako. Uzito uongezwe kidogokidogo, kwa sababu msuli usiopewa kazi mpya hauna haja ya kukua. Wanawake wanaoogopa kuota misuli ya kiume watulie. Homoni zao haziruhusu hilo kwa madumu. Mwenye shinikizo lisilodhibitiwa, au aliyeambiwa mishipa ya jicho imeharibiwa na sukari, amwone daktari kwanza. Na usizuie pumzi unaponyanyua.

*Inamfaa* mwembamba mwenye sukari, mtu aliyevuka miaka 50, mwenye magoti yasiyopenda barabara, na kila anayepunguza uzito kwa chakula.

Je, ulipie kipimo cha vinasaba?

Kwa uamuzi huu, hapana. Vinasaba vinavyogusa kisukari cha aina ya pili vinahesabiwa kwa mamia, kila kimoja na mchango mdogo, na tafiti nyingi zilizovitambua zilifanywa kwa watu wa asili ya Ulaya, hivyo alama zake hazitabiri vizuri kwa Waafrika. Kumuuliza shangazi nani alikuwa na sukari, nani alikatwa mguu, nani alipofuka, ni bure na kunakwambia mengi.

Kinasaba kimoja tu ndicho ningependa ukijue kabla ya kupima, nacho ni cha selimundu. Aliyerithi nakala moja, asiyeumwa, anaweza kupata jibu la HbA1c lililo chini ya hali halisi. Ni wengi ukanda wetu. Mwambie daktari, na ombeni pia sukari ya kabla ya kula.

Uanzie wapi, kwa hali yako

Kiuno kimezidi nusu ya urefu wako na mizani imepanda: anza na sahani, vinywaji vya sukari vikitangulia. Lengo la DPP lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kisukari ilishuka kwa asilimia 58 katika miaka kama mitatu, na kwa wenye miaka 60 na zaidi kwa asilimia 71. Dawa ya metformin ilishusha kwa 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo.

Wewe ni mwembamba, wazazi wote wana kisukari, sukari inapanda: usikate chakula. Nyanyua uzito, ongeza protini, na umwombe daktari achunguze vizuri ni aina gani ya kisukari inayonyemelea.

Unakaa kutwa, uzito si mbaya, ngazi mbili zinakuhemesha: tembea, kwanza baada ya chakula cha jioni.

Umevuka 60 na umeanza kushika ukuta ukiinuka: madumu kwanza, matembezi yafuate.

Wewe ni mkulima au mchukuzi: miguu na mikono yako imeshafanya kazi. Tazama chai, soda na kile kilima cha ugali chenye mboga kijiko kimoja.

Ulipata kisukari cha mimba: hatari yako ya baadaye ni karibu mara kumi ya mwanamke ambaye hakukipata, kwa hiyo upimwe wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua na uendelee kupimwa hata kama ilirudi sawa. Kati ya wanawake kama wewe waliokuwa DPP, mabadiliko ya maisha yalipunguza hatari kwa karibu nusu, na metformin ilifanya karibu vilevile. Mwenye mtoto mchanga asiye na nafasi ya kutoka anaweza kuanza na sahani na mazoezi ya ndani.

Tayari unatumia dawa za kushusha sukari kama glibenklamidi au insulini: njia yoyote kati ya hizi inaweza kushusha sukari yako kupita kiasi. Zungumza na kliniki kuhusu dozi kabla ya kuanza, na kabla ya kufunga Ramadhani au Kwaresima. Beba kitu kitamu mfukoni unapotembea, na ukitetemeka, ukatoka jasho la baridi au kichwa kikazunguka, simama ukile papo hapo. Wengine wote, chagueni moja, mlishike kwa miezi mitatu, mpime tena, ndipo muongeze la pili.